Mwani wa Bi Mize na Mti Wangu Uliopendeza Mno

Kosa langu la mwanzo katika kazi hii lilikuwa kuwabadilishia watu majina ya mwani wao. Sikuiba, sikudanganya, sikulala kazini. Nilisafisha tu. Niliona mifuko miwili imekaa pasipo pake, nikairudisha nilipodhani ndipo pake, kisha nikasimama nyuma ya kiti kuitazama kazi yangu, nikaona raha kama mtu aliyemaliza kuipiga pasi kanzu ya Idi. Kwa raha ile, mama mmoja wa Kiwengwa alikaribia kupokonywa shamba lake.

Nakuandikieni nyinyi vijana mnaoingia maabara sasa, mnaonipigia simu kuniuliza mbinu. Mbinu ninazo. Zitatoka ovyo ovyo lakini, kwa sababu ndivyo zilivyoniingia.

Kwanza mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa na wasiwasi wa kupindukia. Nilipiga pasi mpaka soksi. Nikitoka nyumbani kwetu Kiembe Samaki kwenda kazini mjini, nilirudi nusu njia kuhakikisha kama nimefunga mlango, na nikifika mjini nashikwa na hofu kwamba pale nilipokwenda kuhakikisha ndipo nilipoufungua. Mtu kama huyo mpe kompyuta uone. Kompyuta inamwambia kila kitu kinaweza kunyooshwa, na yeye anaamini.

Sikusomea kazi hii popote. Katika miaka ya tisini nilikuwa nachapa kadi za harusi katika duka moja Mji Mkongwe. Uandishi wa programu nilijifundisha mwenyewe kwenye kitabu kilichokosa jalada na sura ya mwisho, ndiyo maana mpaka leo programu zangu zinaanza vizuri na zinamalizika kwa dua. Siku moja akaingia mama mmoja mtu mzima, buibui jeusi, viatu vya raba vyenye chumvi kavu, na sauti inayosikika uchochoro wa pili. Huyo ndiye Bi Thuwaiba, mtaalamu wa viumbe vya baharini, aliyekuja kuwa mwalimu wangu.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitupia disketi mezani.

"Hii imenigomea," akasema. "Ukiifungua nakulipa. Ukiiharibu nakuozesha dada yangu, na dada yangu simtakii mtu."

Niliifungua. Ndani hamkuwa na neno hata moja, ni A na C na G na T zimejipanga kurasa kwa kurasa, nikajua disketi imeingia virusi. Nikamwambia kwa huruma, kama anayetoa habari za msiba, kwamba kazi yake yote imeharibika na imebaki takataka. Bi Thuwaiba alicheka mpaka akakalia bunda la kadi za harusi ya watu. Ile takataka ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Akanieleza, bado anajifuta machozi, kwamba kila kiumbe amebeba ndani yake maandishi marefu ya herufi hizo nne, kwamba watoto wanayarithi kwa wazazi, na kwamba ukiyaweka maandishi ya viumbe wawili sambamba ukahesabu yanapotofautiana, unajua nani jamaa ya nani.

Wanangu, nilihisi mtu kanifungulia dirisha. Nasaba! Kwetu nasaba ndiyo ilikuwa pambo la sebule. Ukutani palitundikwa mti wa ukoo wetu katika fremu ya dhahabu iliyochubuka, baba kwa mwana kwa mjukuu, mpaka kwa babu aliyeshuka kutoka Uarabuni. Mabinti hawakuandikwa. Marehemu babu alinikalisha chini yake nikiwa mdogo nikaukariri wote, na nikikosea jina moja nilianza upya. Sasa huyu mama ananiambia mwani nao una nasaba, na kwamba kompyuta inaweza kuuchora mti wake. Nilifunga duka la tajiri wangu kabla ya adhuhuri nikamfuata.

Maabara yetu ilikuwa ghorofa ya juu ya nyumba kongwe, kuta nene, ngazi za kupandia kwa adabu. Mashine ya kusoma herufi hatukuwa nayo. Tuliukausha mwani, tukautoa vinasaba, tukavipeleka nje kwenye vichupa, kisha tukasubiri herufi zirudi kwa barua pepe kupitia simu iliyolia kama paka aliyekanyagwa mkia. Kazi yangu ilianza hapo: kuzipanga, kuzilinganisha, kuchora mti. Fani yenyewe haikuwa na jina mtaani. Majirani walipomuuliza mama ninafanya kazi gani, alijibu, "Anausomea mwani." Wakadhani mwani una shetani.

Mbinu, basi. Kompyuta ifunikeni kitambaa kizito, chumvi ya hewa haijali bei ya kitu. Kabla ya kuziamini herufi, tazameni mawimbi yaliyozizaa, yale mashine inayoyachora kwa kila herufi, kwa macho yenu, moja moja, kwa sababu mashine ikiona wimbi lenye ukungu haisemi sijui, inabuni herufi na kukukazia macho. Na faili la asili, lile lililotoka kwa mashine, msiliguse kabisa. Bi Thuwaiba alisema faili la asili ni kama bibi harusi ambaye hajatolewa nje: kila mtu anataka kumwona, hakuna wa kumshika. Fanyeni nakala, chezeeni nakala. Mimi kwa woga wangu nilikuwa na nakala mpaka kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda cha mama. Woga ule ushukuruni, mtaona mbele.

Na mkikuta ajabu, msipige kelele kabla hamjaosha vyombo. Mwezi wangu wa kwanza nilikimbia ngazi nzima kumtangazia Bi Thuwaiba kwamba tumegundua mwani ambao si jamaa ya mwani. Ni jamaa ya uduvi. Nilishaanza kufikiria kanzu ya kuvaa siku ya kupigwa picha. Bi Thuwaiba akalitazama tawi lile kavu la mwani kwa kioo cha kukuzia, akanipa na mimi nitazame. Uduvi mwenyewe alikuwa kajikalia kwenye kikonyo, kakauka naye, miguu yote juu.

"Hongera," akaniambia. "Umegundua mwani wenye macho."

Tangu siku hiyo jina langu maabara lilikuwa Baba Uduvi. Waliponiita hivyo niliitika naam, ningefanyaje.

Sasa sikilizeni habari ya Bi Mize. Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, akina mama wa pwani ya mashariki walikuwa wanalima aina mbili za mwani. Ule mnene waliouita kotoni ulikuwa na bei nzuri, na ndio uliokuwa ukifa. Ulianza kupauka vidoleni, ukawa mweupe, ukalegea, ukakatika kwenye kamba wenyewe ukaenda na maji. Kiwengwa uliwafia karibu wote, isipokuwa Bi Mize. Huyu alikuwa mjane mwenye shamba dogo kando ya mkondo, na kotoni yake ilisimama imara, rangi ya kahawia, inang'aa kama imepakwa mafuta. Wenziwe walianza kwa kumpongeza, wakaja kumtania, mwisho wakamshuku. Jirani yake, Bi Riziki, aliyekuwa na shamba la ubavuni, alisema mbele za watu kwamba pale chini ya vigingi vya Mize pamezikwa kitu na siku moja yeye atachimba.

Kikundi cha wakulima kilituita tupambanue. Swali lilikuwa moja: ni mbegu au ni mahali? Ikiwa Bi Mize ana mbegu ya aina nyingine, awagawie wenziwe. Ikiwa mbegu ni ile ile ya wote na kinachoiponya ni mkondo pale alipo, basi ile ni bahati ya mahali, na kikundi kilishaamua kwamba mahali patalimwa kwa zamu. Bi Mize angeng'oa vigingi vyake. Wakati tunachukua vipande kwa ajili ya maabara hakubishana na mtu. Alinishika mkono tu akaniambia, "Baba, nina shamba hili na roho yangu. Tazama vizuri."

Nikamwahidi kwamba hakuna anayetazama vizuri kuliko mimi. Na kweli hakuwepo, ndiyo balaa lenyewe.

Tulichukua vipande Kiwengwa, tukachukua na Makunduchi, kusini kabisa, ambako kotoni ilikuwa haijafa sana. Kila mfuko tuliuandika jina la kijiji na jina la mwenye shamba. Herufi ziliporudi nikazipanga, nikachora mti. Ulitoka na matawi mawili mazuri: tawi la Kiwengwa huku, tawi la Makunduchi kule. Ila vipande viwili vilikaa upande wa watu. Cha Bi Mize wa Kiwengwa kilikuwa kimejichanganya na jamaa wa Makunduchi, na kipande kimoja cha Makunduchi, cha mwanamke jina lake Mwanaharusi, kilikuwa kati ya jamaa wa Kiwengwa.

Mnaona mtego ulivyonyooka? Kimoja huku, kimoja kule, kama viatu vilivyobadilishana mlangoni pa msikiti. Nikakumbuka mifuko ilivyolowana njiani, nikakumbuka wino ulivyochuruzika. Nikajiambia, Seif, hii ni mifuko miwili imebadilishana majina, basi. Nikayarudisha. Nilichapisha mti ule kwa rangi, kijani kwa Kiwengwa na nyekundu kwa Makunduchi, na hapakuwa na doa. Kila mwana kwa baba yake, kama ukutani kwetu. Kwa mti huo mwani wa Bi Mize ulikuwa ule ule wa majirani zake. Kwa hiyo si mbegu. Ni mahali.

Bi Thuwaiba aliutazama kwa muda, akasema umenyooka sana. Nikadhani ananisifu.

Siku ya kupeleka majibu tulifika Kiwengwa mapema, mkutano ulikuwa baada ya sala ya alasiri katika banda la kikundi. Karatasi yangu nikaitundika ukutani kwa misumari minne, nikaipima kwa rula isiende upande. Bi Thuwaiba akabaki bandani na viongozi. Mimi kwa wasiwasi wangu wa kusema mbele za watu nikatoka nikaenda kuomba maji nyumba ya karibu. Ilikuwa nyumba ya Bi Mize.

Nilimkuta uani amechutama, anafunga gunia bichi linalochuruzika maji ya chumvi. Pembeni mwanamke kijana alikuwa anamvalisha viatu mtoto asiyetaka kuvalishwa. Nilipewa maji. Na kwa kuwa sijui kukaa kimya nikiwa na wasiwasi, nikauliza gunia lina nini.

"Mwani," Bi Mize akasema. "Wa mwanangu huyu, anarudi kwake kesho."

"Kwake wapi?"

"Makunduchi. Kaolewa huko."

Kikombe kikanibaki hewani. Nikamwuliza yule kijana jina lake. Akasema Mwanaharusi.

"Bi Mize," nikasema, "yeye akija huku kwako, huja na nini?"

Akanitazama kama aliyeulizwa kwa nini watu hula. "Aje mikono mitupu kwa mamake? Alipokuja kujifungua huyu wa kwanza alinletea gunia la kwao, ndo hilo nlilolipanda. Na alipomaliza arubaini yake nkamfungia la kwangu la zamani akenda nalo."

"Na nliupanda, mama," Mwanaharusi akadakia huku anacheka, akimkamata mtoto mguu. "Lakini n'takwambia kweli, ule wako kule umepauka wote. Wangu wa kule umesimama. Hili gunia nnalichukua kwa heshima yako tu."

Sijui kama mmewahi kuhisi furaha na aibu zinakuja kwa mlango mmoja, zinasukumana ipi iingie mwanzo. Niliruka. Nakwambieni niliruka kweli, maji yakanimwagikia kifuani, mtoto akacheka akasahau viatu. Mifuko haikubadilishana. Ile mifuko miwili ilikuwa mama na binti! Mwani ulikuwa umekwenda Makunduchi na gunia la mama na umekuja Kiwengwa na gunia la binti, na mti wangu wa mwanzo, ule mchafu, ulikuwa umeliona jambo hilo lote na kulisema waziwazi. Na zaidi ya hapo, mbegu ya Kiwengwa imekufa hata Makunduchi, mbegu ya Makunduchi imesimama hata Kiwengwa. Ni mbegu. Mahali hapana kosa wala sifa.

Mimi nilikua chini ya mti usio na binti hata mmoja. Ingenijiaje akilini kwamba urithi unaweza kubebwa na mtoto wa kike ndani ya gunia bichi?

Nilirudi bandani mbio, kanzu nimeikunja mkononi, na nikakuta mkutano umeshaanza bila mimi. Bi Riziki alikuwa amesimama mbele ya karatasi yangu akiwaonyesha wenziwe rangi ya kijani. Alikuwa ameshaielewa kabisa. "Si mwaona, wetu na wake ni mmoja," alikuwa anasema. "Basi ni pale mahali. Zamu zianzie kwangu, mimi ndo jirani."

Nikamwomba Bi Thuwaiba peni ya wino mzito. Kisha nikafanya kitu ambacho mwili wangu wote ulikikataa: nikachora juu ya mti wangu mzuri. Mstari mmoja mkubwa kutoka kijani kwenda nyekundu, mwingine kutoka nyekundu kwenda kijani, uliokwenda mrama. Nikawaambia kwamba nilivuruga mimi, si mwani, na nikawasimulia gunia. Bi Thuwaiba aliniuliza swali moja tu, tena kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakulifanya kabla wala baada.

"Faili la asili uliligusa?"

"Halijaguswa, Bi. Lipo maabara, na jingine chini ya kitanda cha mama."

Akashusha pumzi. Kisha sauti yake ikarudi. "Baba Uduvi," akaniambia mbele ya mkutano mzima, "leo umegundua mwani wenye mama mkwe." Banda likapasuka kwa kicheko.

Bi Riziki hakucheka. Alisema kijana huyu asubuhi ana mti, jioni ana mti mwingine, yeye auamini upi? Na alikuwa na haki. Bi Thuwaiba akampa jibu ambalo mpaka leo nawafundisha watu: asiuamini wowote, ajaribu. Bi Riziki apande mbegu ya Bi Mize katika shamba lake mwenyewe, na kamba chache za mbegu yake azifunge katika shamba la Bi Mize, pale pale penye mkondo. Vigingi vya mtu visiguswe mpaka ijulikane. Bi Mize, aliyekuwa amenifuata bandani, akasema hata sasa hivi, maji yametoka, bahari imekupwa. Wakashuka ufukweni na vikapu vyao vya mbegu vichwani, wakitupiana maneno njia nzima.

Wiki zile za kungoja sikula vizuri. Nilizilinganisha herufi upya mpaka nikaziota. Kisha asubuhi moja nikasikia ngazi za maabara zinapandwa kwa kishindo. Akaingia Bi Riziki mwenyewe, kutoka Kiwengwa, kanga imelowa, na ndani ya kanga vifungu viwili vya mwani. Alivitua juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu safi, maji yakatiririka mpaka kwenye kibodi, na mimi, mtu wa kupiga pasi soksi, sikujali.

Kimoja kilikuwa cheupe kimelegea. Kingine kilikuwa kahawia kinang'aa.

"Huu wangu, umekufa kwa Mize," akasema. "Na huu wake, umesimama kwangu." Akavuta kiti, akakaa, akajipepea. "Kwa hiyo chini ya vile vigingi nshachimba bure."

Alikuwa amechimba kweli. Hakukuta kitu ila kaa.

Jioni ile Bi Thuwaiba alitupeleka Forodhani, mimi na Bi Riziki, tukala mishkaki na kunywa maji ya miwa mpaka nikaumwa na tumbo. Bi Mize aligawa mbegu kwa kikundi kizima, na shamba kando ya mkondo likabaki la kwake. Mti niliouchora juu yake kwa peni nilikwenda nao nyumbani. Mama aliutia fremu akautundika karibu na ule wa ukoo, na nilipoona unaning'inia upande kidogo, niliuacha.

Tangu hapo yamebadilika haya. Mashine ya kusoma herufi sasa inakaa mezani, na majibu ambayo sisi tuliyangoja wiki nyinyi mnayapata kabla chai haijapoa. Bahari imepata joto, na kotoni hata ile ya Bi Mize imekuwa taabu kulima karibu na pwani. Shamba lake analo Mwanaharusi, aliyerudi kuishi kwao. Na kwenye mifuko ya maabara, chini ya jina la kijiji na la mwenye shamba, pana mstari wa tatu ambao zamani haukuwepo: mbegu umepewa na nani.